Pishi ya Siku Moja

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 16, Kumbukumbu la Torati 8:1-18, Yoshua 5:10-12, Yohana 6:22-69, Habakuki 3:17-19, 2 Wakorintho 8:9-15.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 8:3. Lisome katika Biblia yako, likariri, kisha uwe tayari kulieleza kwa maneno yako mwenyewe mbele ya darasa.

Katika milima ya Upare, wilayani Same, wakulima wana mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huwa machache. Yakiachwa yatiririke yenyewe mferejini, hunywewa na udongo kabla ya kufika shambani. Kwa hiyo usiku huelekezwa kwenye ndiva. Alfajiri ndiva ikiwa imejaa hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu na kwenda hadi kwenye shamba la yule ambaye zamu yake imefika. Maji yakiisha, ndiva hufungwa ijae tena kwa ajili ya zamu ya kesho. Mojawapo ya ndiva hizo ni ile ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, kwenye bonde la mto Makanya.

Hakuna anayepewa maji ya mwaka mzima kwa mara moja. Kila mmoja hupata ya zamu yake, naye hulazimika kuamka mapema kuyapokea.

Watoto wa Israeli walilishwa kwa namna inayofanana na hiyo. Kwa miaka arobaini Mungu hakuwapa ghala lililojaa. Aliwapa pishi moja kwa kila mtu, kila asubuhi. Juma hili tunajifunza kwa nini Mungu alichagua kipimo hicho, na jinsi anavyoulisha moyo wa mwamini kwa kipimo hicho hicho leo.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.


JUMAPILI: Njaa na Kumbukumbu

Soma Kutoka 16:1-12. Waisraeli walikumbuka nini kuhusu Misri, na walisahau nini?

Ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa pili tangu watoke Misri. Bahari ya Shamu ilikuwa nyuma yao. Maji machungu ya Mara yalikuwa yamefanywa matamu. Hata hivyo, mkutano wote ulimnung'unikia Musa na Haruni. Walizikumbuka sufuria za nyama na mikate ya kushiba. Hawakutaja mijeledi, matofali, wala watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni.

Njaa ina tabia ya kuchagua kumbukumbu. Mtu mwenye njaa huona mema ya mahali alipotoka na kusahau minyororo yake. Ndivyo ilivyo pia kwa njaa ya roho. Mwamini aliyeacha kusoma Neno na kuomba huanza kukumbuka maisha yake ya zamani kana kwamba yalikuwa na raha tupu.

Angalia jinsi Mungu alivyojibu. Njaa yao ilikuwa ya kweli. Watoto walikuwa wanalia na unga ulikuwa umekwisha. Mungu hakuidharau njaa hiyo. Kabla ya kuwakemea aliwaahidi chakula: nyama jioni na mkate asubuhi. Kisha, katika aya ya 4, alieleza kwamba chakula hicho kingekuwa pia kipimo cha utii wao. Je, wangefuata maagizo yake katika jambo la kila siku kama kula?

Hapa kuna faraja kwa mzazi wa Same mjini au wa Kihurio ambaye hajui watoto watakula nini jioni. Kumwambia Mungu habari za unga si kukosa imani. Yesu mwenyewe aliweka ombi la riziki ndani ya sala aliyowafundisha wanafunzi wake (Mathayo 6:11). Waisraeli wangeweza kupeleka njaa yao kwa Mungu kama watoto kwa baba. Waliipeleka kwa Musa kama mashtaka.

Je, kuna hitaji ambalo umelinung'unikia mbele za watu kwa muda mrefu bila kuliombea? Linganisha Kutoka 16:2, 3 na Zaburi 142:1, 2.


JUMATATU: Kila Asubuhi

Soma Kutoka 16:13-21. Ni nini kiliipata mana iliyobakizwa hadi asubuhi? Kwa nini Mungu alitaka watu waokote kila siku?

Pishi ni kipimo ambacho wazee wetu wanakifahamu: vibaba vinne. Biblia ya Kiswahili imetumia neno hilo kwa kipimo cha mana cha mtu mmoja kwa siku. Kila mtu aliokota kwa kadiri ya watu wa hema yake. Jua lilipokuwa kali, mana iliyobaki chini iliyeyuka. Waliochelewa hawakukuta kitu, na walioficha ziada walikuta mabuu na harufu mbaya.

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya mana ilioza. Biblia haikatazi kuweka akiba. Yusufu aliweka nafaka ya miaka saba (Mwanzo 41), na Mithali 6:6-8 inatutuma kwa chungu tujifunze kukusanya wakati wa mavuno. Mana ilikuwa jambo jingine. Mungu alikuwa anawafundisha watu waliokuwa watumwa kwamba kesho nayo iko mikononi mwake. Mtu aliyebakiza mana usiku alikuwa anasema kwa mkono wake kwamba huenda Mungu hatakuja asubuhi.

Mfano wa ndiva unatusaidia hapa. Ndiva hukusanya maji, lakini huyakusanya ili yatoke. Ikifungwa siku nyingi bila kufunguliwa, mashamba hukauka, na kijito kinachoendelea kuingia humwagika juu ya ukingo na kupotea. Isiposafishwa hujaa tope. Ndiyo maana wakazi huitana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kuondoa tope. Maji ni zawadi ya Mungu, lakini tope halijiondoi lenyewe. Vivyo hivyo mana ilishuka bure, lakini hakuna aliyeikuta imeingia kinywani mwake. Ilimpasa kuamka, kutoka hemani na kuinama.

Wako waumini wanaokula mara moja kwa mwaka, wakati wa makambi. Huimba, hulia, huweka nadhiri, kisha hutarajia chakula cha juma hilo kiwafikishe makambi yajayo. Wengine hutegemea hubiri la Sabato peke yake. Chakula hicho ni kizuri, lakini kilikuwa cha siku ile. Imani inayoishi kwa ushuhuda wa mwaka jana haichelewi kunuka. Mtu huyo husimulia yale Mungu aliyomtendea zamani, lakini jirani akimwuliza amesoma nini asubuhi hii, hana jibu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mafungu machache ya Biblia kabla ya kwenda shambani, sokoni au shuleni, yakifuatwa na maombi yasiyo na haraka, ni pishi ya siku hiyo.

Asubuhi yako huanza na nini? Taja jambo moja ambalo ungelibadilisha ili upate muda wa kuokota kabla jua halijawa kali.


JUMANNE: Siku ya Sita

Soma Kutoka 16:22-30. Mana iliwafundisha nini Waisraeli kuhusu Sabato kabla hawajafika Sinai?

Siku ya sita watu waliokota pishi mbili kila mmoja. Musa aliwaagiza waoke na kutokosa mapema, na kuweka kilichobaki hadi asubuhi. Safari hii hakikuoza. Siku ya saba hapakuwa na kitu kondeni. Hata hivyo, wengine walitoka kwenda kuokota, wakarudi mikono mitupu.

Zingatia mpangilio wa kitabu chenyewe. Amri kumi zinapatikana katika Kutoka 20. Sabato ya mana iko katika sura ya 16. Mungu alipolitamka neno la kukumbuka siku ya Sabato juu ya Sinai, watu walikuwa wamekwisha kuila Sabato hiyo kwa majuma kadhaa. Waliijua kwa pishi mbili za Ijumaa na kwa ardhi tupu ya siku ya saba.

Mama wa Kisabato wa Upare anaijua kazi ya siku ya maandalizi. Mahindi yaliyokobolewa na maharage huwekwa motoni mapema, kwa sababu makande hayaivi kwa haraka. Kuni hukusanywa, maji huchotwa, nguo hupigwa pasi. Jua linapozama nyuma ya milima, familia hukaa pamoja kufungua Sabato, na chungu cha makande kiko tayari. Kesho yake kitapashwa moto tu. Chungu hicho ni ungamo la imani. Kinasema kwamba dunia itaendelea kuwepo kesho hata kama nyumba hii haitafanya kazi, kwa kuwa yuko Mwingine anayeishikilia.

Mtihani wa Sabato huwa mkali zaidi pale riziki inapokuwa haba. Inakuwaje zamu ya maji inapoangukia siku ya Sabato, na mahindi yameanza kunyauka? Inakuwaje mnada ukifanyika Jumamosi, na ndiyo siku wanunuzi wanapokuja? Maswali haya si mepesi, na hakuna anayepaswa kumcheka mkulima anayeyauliza kwa machozi. Jambo la busara ni kwenda mapema kwa wenzake na kuomba kubadilishana zamu. Lakini ombi hilo likikataliwa, Kutoka 16 inabaki na neno lake: waliotoka siku ya saba hawakukuta kitu, na waliokaa hemani hawakulala njaa.

Ni maandalizi gani ya Ijumaa ambayo nyumba yako huyaacha hadi jua linapozama? Yanaathirije ibada yenu?


JUMATANO: Mkate Uliotoka Mbinguni

Soma Yohana 6:22-40 na 6:60-69. Kwa nini makutano walimtafuta Yesu? Yeye alitaka kuwapa nini?

Watu waliokula mikate ng'ambo ya ziwa walimfuata Yesu hadi Kapernaumu. Alijua walichokuja kutafuta: tumbo lilikuwa limeshiba jana, na leo lilikuwa tupu tena. Walimkumbusha habari za mana. Yesu aliwajibu kwamba aliyewapa baba zao mkate alikuwa Baba yake, wala hakuwa Musa. Akaongeza kwamba walioila mana jangwani walikufa. Yeye mwenyewe ndiye mkate unaompa mtu uzima wa milele.

Hapo wengi walirudi nyuma. Walimtaka mpaji wa mikate, lakini hawakumtaka Mkate. Petro na wenzake walibaki, ingawa nao hawakuelewa yote. Walikuwa wamejua jambo moja: maneno ya uzima hayakupatikana kwa mwingine.

Mkate huo ulifika Upare kwa njia ya maneno pia. Mwezi wa Novemba mwaka 1903, Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Walianzisha kituo cha kwanza cha Waadventista Wasabato huko Giti, Upare Kusini, wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Ernst Kotz, aliyewafuata, alijifunza Kichasu, lugha ya Wapare, akaandika kitabu cha sarufi yake kilichochapwa Berlin mwaka 1909. Alifanya pia kazi ya kutafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Mtu huweza kusifu chakula kwa lugha ya kigeni, lakini hushiba akiambiwa "kula" kwa lugha ya mama yake.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalipita Upare yakifuata njia ya reli ya Usambara, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Waumini wenyeji walibaki bila waalimu wao wa kwanza. Kama wangekuwa wanakula kutoka mkononi mwa wamisionari tu, wangekufa njaa. Lakini walikuwa wamefundishwa kusoma na kuomba. Kanisa lilibaki hai, na leo Giti, Suji, Parane na vijiji vingine vingi vya milima hiyo vina wajukuu na vitukuu wa imani ile.

Mchungaji akihamishwa leo, au mwalimu wa Shule ya Sabato akifariki, swali ni lile lile. Je, washiriki walimjua mleta chakula tu, au walimjua Mkate?

Soma tena Yohana 6:68. Ni lini ulifikia mahali ambapo hukuwa na pengine pa kwenda? Nini kilikufanya ubaki na Yesu?


ALHAMISI: Mvua Isipokuja

Soma Kumbukumbu la Torati 8:1-18 na Habakuki 3:17-19. Mungu aliruhusu njaa kwa kusudi gani? Habakuki alifurahi katika nini?

Milima ya Upare inapokea mvua kwa namna mbili tofauti. Juu, karibu na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, msitu wa Chome hufunikwa na ukungu, na chemchemi hutoka humo. Chini, Same mjini na Makanya, ardhi ni kame, na masika yakikosekana mahindi hufia kiunoni. Waumini wa pande zote mbili huomba kwa Mungu yule yule. Wengine huvuna na wengine hukosa.

Zaidi ya hayo, mvua yenyewe huweza kuleta msiba. Mwezi wa Novemba mwaka 2009, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya udongo huko Goha, katika eneo la Mamba wilayani Same, na watu wengi wakapoteza maisha. Hakuna somo la Biblia linaloruhusu kusema kwamba waliokufa walikuwa na imani ndogo. Yesu alilikataza wazo hilo alipopashwa habari za waliouawa, na yeye mwenyewe akataja walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:1-5).

Musa aliwaambia Waisraeli ukweli: Mungu aliwaacha waone njaa kabla ya kuwapa mana. Ahadi ya Mungu haikuwa kwamba tumbo halitauma kamwe. Habakuki naye alitazama mtini usiochanua, shamba lisilotoa chakula na zizi lisilo na ng'ombe. Hakujifanya kwamba zizi limejaa. Alimfurahia Bwana huku zizi likiwa tupu. Hiyo ni imani isiyopimwa kwa magunia.

Lakini somo haliishii kwa mwenye njaa. Soma 2 Wakorintho 8:9-15. Paulo alipochangisha kwa ajili ya waumini wenye shida, alichukua habari ya pishi za mana: aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota chache hakupungukiwa. Jangwani usawa huo ulipatikana kwa mkono wa Mungu. Kanisani, Paulo anasema, upatikane kwa mikono ya ndugu. Ziada ya mmoja ndiyo mana ya mwingine.

Anayelima karibu na chanzo cha maji huamua kama wa chini watapata kitu. Akiyachukua yote, ndiva ya wenzake haitajaa, hata waombe usiku kucha. Kwa hiyo Yesu alipotufundisha kuomba, hakutufundisha kuomba mkate wangu. Alisema wetu. Mwenye ghala anayeomba sala hiyo huku jirani yake analala njaa ameombewa na jirani huyo, na jibu la ombi liko ndani ya nyumba yake.

Katika kanisa lenu mahalia, ni nani aliye chini ya mfereji juma hili? Ni nini kilichoko mikononi mwako ambacho huenda kilikusudiwa kimfikie?


IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Yoshua 5:10-12. Siku moja baada ya Waisraeli kula mazao ya nchi ya Kanaani, mana ilikoma. Mungu hakuacha kuwalisha, alibadilisha njia. Tangu siku hiyo riziki yao ilipitia jembe, mvua, mbegu na jasho. Huenda ilikuwa rahisi zaidi kumshukuru Mungu kwa mana kuliko kwa mahindi, kwa sababu mkulima huona mikono yake mwenyewe ndani ya mahindi. Ndiyo maana Musa aliwaonya mapema, katika Kumbukumbu la Torati 8:17, 18, wasiseme moyoni kwamba nguvu zao ndizo zilizowapa utajiri.

Mana moja tu haikuoza hata baada ya vizazi: ile iliyowekwa ndani ya chombo mbele za Bwana (Kutoka 16:32-34). Iliwekwa ili watoto waone walichokula baba zao. Kila familia inapaswa kuwa na chombo cha namna hiyo, yaani habari za jinsi Mungu alivyowalisha, zinazosimuliwa kwa watoto. Lakini watoto hawakuambiwa wale kutoka kwenye chombo kile. Walipaswa kuokota ya kwao.

Ellen G. White, akieleza safari kutoka Bahari ya Shamu hadi Sinai, anaonyesha kwamba kila juma la miaka ile lilikuwa na mwujiza wa namna tatu: mana maradufu siku ya sita, kutokuwepo kwa mana siku ya saba, na kutooza kwa ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Katika kitabu Tumaini la Vizazi Vyote, soma pia maelezo yake kuhusu mgogoro wa Galilaya, wakati wengi walipomwacha Yesu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema, "Nimekuwa Msabato tangu kuzaliwa, babu yangu alibatizwa na wamisionari wa kwanza." Kutoka 16:20 inamwambia nini? Na Kutoka 16:32-34 inamwambia nini?

2. Darasani kuna mkulima ambaye zamu yake ya maji imeangukia Sabato. Ninyi kama kundi mnaweza kufanya nini, zaidi ya kumpa ushauri?

3. Kuna tofauti gani kati ya akiba ya Yusufu na mana iliyofichwa usiku? Mtu atajuaje kama ghala lake ni la hekima au la woga?

4. Utamwambia nini mtu aliyeomba mvua kwa uaminifu na mazao yake yakakauka? Ni maneno gani ungeepuka kumwambia, na kwa nini?

5. Kabla ya kufunga kwa maombi, kila mmoja ataje fungu moja alilookota asubuhi ya leo. Asiye na fungu asione haya; mwenye fungu na amgawie. Kisha mkubaliane ni nyumba ipi mtaitembelea juma lijalo, na mtakwenda na nini mikononi.